Nani Anamkumbuka Buku?

Nianze kwa kukiri kosa, ndugu msomaji, maana mhakiki anayeanza kwa kuwasema wenzake huku ya kwake kayafungia sandukuni hafai kuaminiwa.

Miaka michache iliyopita niliandika hadithi fupi ambayo niliiona ni bomba kweli. Mhusika mkuu alikuwa kijana wa Mpanda mjini, hana mtaji wala cheti, ila ana mdomo. Wakati wa mavuno anakwenda vijijini kununua mahindi. Anamkuta mama mmoja mjane. Anamsifia, anamchekesha, anamwita mama mkwe, halafu anayanunua mahindi yake yote kwa lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, linashonewa kofia juu, na bado linahesabiwa gunia moja. Mama anadhani kauza magunia sita, kumbe kauza karibu tisa. Kijana anarudi mjini, anafungua duka, anaoa. Hadithi imekwisha.

Niliisoma kijiweni kwetu Makanyagio na washikaji wakavunjika mbavu. "Huyo ndiyo mjanja bwana!" Mimi nikavimba kichwa. Jioni nikaenda kumsomea bibi yangu, ambaye kusoma hajui lakini hadithi anazijua kuliko sisi wote tunaojiita waandishi. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye kigoda nikaanza. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Hakucheka hata kidogo. Aliuliza swali moja tu:

"Na yule mama, mjukuu wangu, mwaka ule alikula nini?"

Sikuwa na jibu. Katika hadithi yangu yule mama alitoka ukurasa wa pili na hakurudi tena. Nilikuwa nimemtumia kama ngazi, nikapanda, nikaiacha hapo.

Bibi hakunigombeza. Alinisimulia hadithi ya Buku. Naileta hapa kwa kifupi kwa sababu ndiyo msingi wa makala hii. Na tuelewane: buku hapa ni yule panya mkubwa wa porini, si noti ya elfu moja!

Sungura aligundua mti wenye asali. Mti ulikuwa wa Simba. Kwa kuwa kula peke yake aliogopa, akamkaribisha Buku. Wakapanda, wakala. Mara Simba huyo chini ya mti: "Nani mko huko juu?" Buku kwa woga akajibu kwamba ni wao. Sungura akamnong'oneza: "Nifunge ndani ya majani makavu, mwambie Simba asogee unatupa takataka, kisha nitupe." Buku, rafiki mwema, akafanya vile vile. Sungura akaanguka ndani ya majani, akachomoka, akatimua mbio. Buku akaamriwa ashuke. Simba akamuuliza ulikuwa na nani, akajibu nilikuwa na Sungura, kwani hukumwona nilipomtupa? Simba akamla Buku.

Hadithi inaendelea. Siku nyingine Sungura akaja na Kobe kwenye mti ule ule, akajaribu mbinu ile ile. Lakini Kobe akawaza: huyu anataka kuniachia msala. Akamfunga, akamtupa, huku akipaza sauti: "Simba, kaa tayari, Sungura anakuja!" Sungura akadakwa. Baadaye kila mmoja akajinasua kwa maneno yake, Sungura kivyake na Kobe kivyake.

Hadithi hii si ya bibi yangu peke yake. Imo hata katika kitabu cha ngano za Zanzibar alichokichapisha George W. Bateman kwa Kiingereza mwaka 1901. Ukimuuliza mtu mzima anayeijua, atakwambia ni hadithi ya Sungura na Simba. Nani anamkumbuka Buku? Naye ndiye pekee aliyekufa!

Hoja yangu ni hii. Vijana tunaoandika tumempenda mjanja kupita kiasi, na tumempenda kwa sababu ambayo si ile waliyompendea wazee. Wazee walimpenda mjanja kwa kuangalia anamfanyia nani ujanja wake. Sisi tunampenda kwa kuangalia amepata nini. Tofauti hiyo ndiyo inayoziua hadithi zetu.

Tumtazame kwanza mjanja wa zamani. Dunia nzima inaye. Ghana wana Anansi, buibui. Wahindi Wekundu wa Marekani wanao wa kwao. Ndio alioandika juu yao mwanazuoni Paul Radin katika kitabu chake cha mwaka 1956 ambacho wataalamu wa fani hii bado wanakitaja. Watumwa waliochukuliwa Afrika walivuka bahari na hadithi za sungura, na huko Marekani akaitwa Brer Rabbit, akaja kuwekwa vitabuni na Joel Chandler Harris kuanzia mwaka 1880. Hebu fikiria hali ya mtumwa. Hana bunduki, hana mahakama, hana hata jina lake mwenyewe. Usiku anasimulia jinsi mnyama mdogo kuliko wote alivyomzunguka mnyama mwenye meno makali. Hicho ni chakula cha moyo.

Kwetu Katavi Simba si mnyama wa kwenye picha tu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na kuna vijiji ambavyo mtu akisema simba hasemi kwa mfano. Mtu anayemwogopa simba kweli kweli anapomcheka simba wa hadithini, anapumua. Ndiyo maana Sungura alipewa ruhusa ya kusema uongo. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti: uongo wake uwe juu ya mwenye nguvu.

Abunuwasi naye ni hivyo hivyo. Mtu mwenyewe aliishi. Alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad zama za Harun Rashid, akafariki mwanzoni mwa karne ya 9. Lakini Abunuwasi tuliyemsoma shuleni ni wa masimulizi, aliyefika pwani na baadaye akafika bara kupitia vitabu. Unakikumbuka kile kisa cha harufu? Tajiri kapika nyama, maskini kakaa karibu na kula chakula chake kikavu akisindikiza na harufu. Tajiri anadai alipwe. Abunuwasi anazichezesha sarafu zilie, anamwambia tajiri chukua mlio huo, ndiyo malipo ya harufu. Kisa kinachekesha kwa sababu aliyetegwa ni tajiri. Sasa kigeuze: Abunuwasi amsaidie tajiri kumkamua maskini pesa ya harufu. Maneno yanaweza kubaki makali vile vile, lakini kicheko kitakukwama kooni.

Tena wazee hawakumwacha Sungura ashinde kila siku. Kile kisa cha kisima kinasimuliwa sehemu nyingi za Afrika. Wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kuchimba, kisha anaiba maji usiku huku akiwalaghai walinzi wakubwa wakubwa. Anayekuja kumkamata ni Kobe, aliyejipaka ulimbo mgongoni akajificha majini. Hapa Sungura hakumwibia Simba peke yake, aliwaibia wote waliotoka jasho, basi hadithi ikamgeuka. Na hakukamatwa na mwenye nguvu, alikamatwa na mdogo mwenzake. Huo ndio uhakiki wa wazee, umo ndani ya hadithi yenyewe bila kuhubiri.

Sasa tuje kwenye lugha yetu ya kila siku, maana huko ndiko mjanja alikohamia. Dar es Salaam tukaiita Bongo, yaani mji ambao bila kutumia bongo huishi, na baadaye jina likameza nchi nzima. Katika neno hilo kuna sifa na kuna kilio. Mtu wa mshahara mdogo anayemaliza mwezi anastahili sifa ya ujanja, sibishi. Lakini neno "mjanja" likapata ndugu yake wa upande wa pili, "mshamba". Mjanja wa hadithi kinyume chake alikuwa Simba. Mjanja wa mjini kinyume chake ni mtu wa shamba. Ona jinsi tulivyomhamisha adui bila kuambiana!

Na sisi wa Mpanda tunalijua hilo vizuri, maana kwa macho ya Bongo sisi wote ni washamba. Mtu alikuwa akipanda treni hapa kuelekea Kaliua, Tabora na hatimaye Dar, anapewa mawaidha stesheni: usiseme umetoka wapi, ukiulizwa kama unaijua njia sema unaijua. Kisha yule yule aliyeogopa kuingizwa mjini Kariakoo, akirudi Mpanda anamtafuta wa kumwingiza mjini Mishamo au Mpimbwe. Kila mtu ana mshamba wake. Mzizimo wa aibu unapitishwa chini mpaka umfike ambaye hana wa kumpasia.

Sikiliza pia maneno tunayotumia. Kapigwa changa la macho. Kauziwa mbuzi kwenye gunia. Kaingizwa mjini. Kalizwa. Yote ni ya kutendwa. Anayeongelewa ni aliyeumia. Aliyemuumiza hatajwi kabisa. Amepigwa, lakini na nani? Lugha imemficha, kama majani makavu yalivyomficha Sungura. Na tukisema hivyo hatusemi kwa huruma, tunasema kwa kucheka. Mwandishi anayeandika kwa lugha hii bila kuisikiliza ataandika anavyocheka kijiwe, na kijiwe hakimkumbuki Buku.

Kuna msemo mwingine unaonishangaza kuliko yote. Tukiwauliza wakubwa habari ya barabara au dawa, mara nyingi jibu ni kwamba kasungura kenyewe kadogo, tugawane hivyo hivyo. Hebu tulia hapo, msomaji. Sungura yule aliyekuwa akimzidi Simba akili, mtetezi wa wanyonge, leo ni nyama juu ya sahani, tena nyama isiyotosha! Aliyekuwa anakula asali ya mkubwa sasa analiwa, na anayekata vipande ndiye anayetwambia kipande chetu ni kidogo. Sijui kama kuna mshairi angeweza kuifupisha safari ya mjanja wetu kuliko msemo huo wa kwenye mikutano.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya utani tu. Sivyo. Mkoani kwetu hapa hapa kuna watu ambao hadithi ya ujanja kwao haikuwa ya kuchekea. Mwaka 1972 Burundi iliingia katika mauaji makubwa, na Wahutu wengi wakakimbilia Tanzania. Wakapewa makazi Katumba, karibu na Mpanda mjini, na kuanzia mwaka 1978 Mishamo. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki aliishi nao, na kitabu chake, Purity and Exile, kikatoka mwaka 1995. Aliandika masimulizi waliyokuwa wakisimuliana Mishamo. Humo mjanja si mnyonge, ni mtawala. Walisimulia kwamba wageni walikuja na ng'ombe, wakatoa zawadi, na zawadi ikageuka deni, deni likageuka utumwa. Ni hadithi ya mjanja iliyosimuliwa na Buku, kama Buku angebaki hai.

Nimejifunza mambo mawili kwenye kitabu hicho. La kwanza, hadithi ikisimuliwa na aliyetegwa inabadilika kabisa, ujanja unaitwa hila na hakuna anayecheka. La pili ni onyo. Masimulizi yale hayakumsema mtu mmoja mlaghai, yaliwasema Watutsi kwa jumla, kana kwamba hila ni damu yao. Ni maumivu yanayoeleweka, lakini si historia ya kuichukua ilivyo. Kabila zima likishaitwa sungura, kuna siku atatokea mtu wa kuwaita wanyama wengine wawinde. Burundi na Rwanda zimetuonyesha, pande zote. Mjanja wa hadithi lazima abaki mtu mmoja mwenye tumbo lake na makosa yake. Warundi wenyewe wanaye Samandari, mcheshi wa masimulizi yao anayewachokonoa wakubwa kwa ulimi. Huyo ni mtu. Unaweza kumcheka, kumkasirikia, kisha kumsamehe.

Malkki alikuta pia kwamba wakimbizi waliokwenda kuishi Kigoma mjini hawakushikilia masimulizi yale. Wao walijichanganya, leo mtu ni hivi, kesho ni vile, kadiri maisha yalivyotaka. Huo nao ni ujanja, na sithubutu kuulaumu. Mtu anayebadili jina ili alale salama ni Sungura ndani ya majani makavu, lakini hakuna Buku aliyeachwa juu ya mti. Kwa wale wa makazini, maisha ya kuitwa wakimbizi yalipata mlango: zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kule Tabora walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Watoto wao ni majirani zetu, na wengine wanaandika. Nina hamu ya kusoma hadithi zao za mjanja kuliko kumi za kwangu.

Sasa nirudi kwenye kazi zetu vijana. Ninazosoma, nyingi zina yule yule kijana wa mdomo. Anamtapeli mama lishe, anamtapeli mzee mwenye ng'ombe, anamlaghai binti wa shule, na mwandishi yuko nyuma yake anapiga makofi. Sisemi tuandike watu wema wanaonuka sabuni. Hadithi isiyo na mhuni haina chumvi. Ninachosema ni kwamba kicheko kina mwelekeo, na mwandishi lazima ajue cha kwake kinaelekea wapi.

Anayetaka mfano aende kwenye muziki. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa "Ndiyo Mzee". Mle ndani kuna mlaghai mkubwa, mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana, na umma unamwitikia kwa maneno hayo ya kwenye jina la wimbo. Angalia ufundi wake: mlaghai anaachiwa aseme mwenyewe, na kadiri anavyosema ndivyo anavyojivua nguo. Sisi tunaocheka tunajikuta pia tumo kwenye ule umati unaoitikia. Kicheko kinampiga mkubwa, kisha kinarudi kutugusa bega. Yaliyofuata nayo ni hadithi: mwaka 2015 msanii mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Maisha nayo yana utani wake.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, kabla ya kumsifia mjanja wako jiulize maswali matatu. Aliyetegwa ni mkubwa au mdogo kuliko mtegaji? Baada ya kutegwa alikwenda wapi? Na Kobe yuko wapi? Yaani nani ndani ya hadithi ana akili ya kutosha kuuona mchezo? Wahusika wako wote wakiwa mabwege ili mmoja aonekane mjanja, huyo hana ujanja wowote, umembeba mgongoni.

Hadithi yangu niliichana, nikaiandika upya. Kijana yumo bado, na mdomo wake ule ule, siwezi kumnyima. Lumbesa imo bado. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini gunia lenye kofia bado linaonekana barabarani. Ila safari hii yule mama hatoki ukurasa wa pili. Nilimfuata nyumbani. Nikamwona akihesabu pesa mara mbili, akiangalia ghala, akiangalia watoto. Nikaona kwamba alikuwa anajua. Alijua tangu gunia la kwanza lilipoanza kushonewa kofia. Alinyamaza kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia, ghala lilikuwa linavuja na mnunuzi mwingine hakuwepo. Hakuwa mshamba, alikuwa amebanwa. Nilipofika hapo nikagundua nimepata mhusika, jambo ambalo mwanzoni sikuwa nalo hata kidogo. Nilikuwa na kichekesho tu.

Niliisoma tena kijiweni. Walicheka mwanzo, katikati wakanyamaza. Mmoja akasema hii sasa noma, umeiharibu. Mwingine, ambaye mama yake analima, hakusema kitu, akaomba daftari akaondoka nalo na mpaka leo hajalirudisha.

Bibi naye nilimsomea. Safari hii alikuwa anapepeta mchele. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo, akauliza:

"Na huyo kijana wa duka, akina Kobe hawajamfikia bado?"

Nikamwambia bado, bibi.

"Basi endelea kuandika," akasema, akarudi kwenye ungo wake.